Msomaji wa Pili

Nikifumba macho hata leo nayaona maandishi ya chaki juu ya mlango wa mbao wa duka la dawa, pale mji wa kale wa Malindi. Aliyeyaandika sitamtaja jina. Yeye mwenyewe hakupenda litajwe, na mji mzima ulimwita Daktari, naye kila alipoitwa hivyo alijibu, "Daktari yuko hospitali. Mimi ni mfamasia." Basi na mimi nitamwita Mfamasia. Nilifanya kazi chini yake kuanzia mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka sita kamili, na sikumbuki kama alinisifu hata mara moja. Nilimwogopa, kuna siku nilimchukia, na sijapata kumheshimu mtu mwingine kiasi kile.

Alikuwa mrefu na mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi kila siku ya Mungu, miwani imefungwa uzi upande mmoja kwa sababu hakuona haja ya kununua nyingine. Porojo hakuzipenda. Ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akanyoosha mkono kuomba karatasi ya daktari, hata kama wewe ulipita tu kumjulia hali.

Dukani tulikuwa watatu. Yeye, mimi Zuhura, niliyeacha masomo ya ualimu nilipoolewa, na Kahindi, mtu wa makamo kutoka Ganze, aliyeajiriwa kufagia na kupokea maboksi. Kahindi alikuja anajua kusoma kidogo tu. Mfamasia alimkalisha kila adhuhuri, duka likiwa tupu, akamsomesha majina ya chupa moja baada ya nyingine kwa muda wa mwaka mzima. Watu wa mjini walicheka: ati mfagizi naye anafundishwa dawa! Mfamasia aliwaacha wacheke.

Alikuwa na sababu yake. Katika duka lile hapakutoka dawa kwa jicho la mtu mmoja. Mmoja wetu alisoma karatasi ya daktari kwa sauti, mwingine akasoma kibandiko cha chupa kwa sauti, na maneno yakipatana, yule msomaji wa pili alitia alama ya wino mwekundu kitabuni, mbele ya jina la mgonjwa. Hata yeye Mfamasia alisomewa. Mara nyingi nimemwona bwana yule, shahada yake inaning'inia ukutani nyuma yake, amesimama kimya na chupa mkononi, anamngoja Kahindi anawe mikono yenye vumbi aje amsomee.

"Soma kilichoandikwa, Zuhura," alizoea kuniambia. "Usisome unachokijua."

Msomaji wa tatu alikuwa mgonjwa mwenyewe. Ukishapewa dawa yako ulitakiwa urudie ulivyoambiwa, neno kwa neno, mbele ya kila mtu. Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye cheo, suti na viatu vya kung'aa, akaambiwa arudie. Akaja juu.

"Mimi? Nirudie kama mtoto wa chuo cha Kurani?"

"Si lazima, bwana," Mfamasia akamwambia, na chupa ikarudi kabatini.

Walitazamana. Kila mmoja kwenye foleni alijua kwamba mtu yule akipiga simu moja leseni ya duka ingeweza kuota mbawa. Mwishowe akarudia, kwa sauti ndogo, akitazama dari. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Alipokwisha kutoka nilimwona Mfamasia anatafuta kalamu aliyokuwa ameishika mkononi. Mpaka siku ile nilidhani hajui woga.

Na vile vijiko je? Daktari akiandika dawa ya maji, kijiko kimoja mara tatu, kila nyumba ina kijiko chake. Mwingine ana kijiko cha chai, mwingine ana upawa mdogo wa kulia uji. Kwa hiyo Mfamasia hakumpa mama yeyote dawa ya maji ya mtoto mpaka alete kijiko cha nyumbani kwake. Alikipima kwa maji, kisha akakikwaruza kwa msumari mstari wa pale dawa inapofaa kukoma. Wanawake wa Ganze wanaotembea nusu siku kufuata maji walikuja mjini na kijiko kimefungwa kwenye pindo la leso. Aliyesahau alifokewa, na ukifokewa na Mfamasia husahau tena. Nilimwona ni katili. Hata hivyo aliyesahau hakurudishwa mikono mitupu. Kahindi alitumwa dukani kwa jirani kununua kijiko kipya, mama akapewa aondoke nacho, na Mfamasia akaendelea kununa.

Mtu huyu huyu aliyewakemea wagonjwa wa sukari kwa kunywa chai tamu, alificha haluwa kwenye droo chini ya kaunta, nyuma ya bandeji. Tulijua sote. Na aliyewaambia watoto kwamba sindano haiumi, alipotakiwa achomwe sindano ya pepopunda baada ya kukanyaga msumari alizunguka siku mbili akitafuta udhuru, mpaka mkewe akamshika mkono akampeleka mwenyewe. Kahindi alikuwa akiigiza mwendo wake wa siku ile, mguu mmoja unakwenda mbele na mwingine unarudi nyumbani, nami nikicheka hadi machozi.

Mwezi uliomnyima raha ni Ramadhani. Miezi mingine asubuhi ni asubuhi na jioni ni jioni. Ramadhani mtu anayefunga hupindua siku yake: futari magharibi ndicho chakula kikubwa, daku kabla ya alfajiri ni kitu kidogo, kisha tumbo tupu mchana kutwa. Wagonjwa wa sukari wazee aliwasihi wasifunge kabisa, nao wakamwitikia vizuri na wakaenda wakafunga. Kwa hiyo alikuwa amepatana na daktari wa hospitali. Kwa anayefunga, dawa ya sukari nayo ipinduliwe. Dozi kubwa ya asubuhi ihamie futari, na ile ndogo ya jioni ihamie daku. Ukikosea ukampa mtu dozi kubwa wakati wa daku, dawa itaishusha sukari yake mchana na hapana chakula cha kuipandisha. Kila mwaka, usiku wa kuandama mwezi, alitukalisha mimi na Kahindi akatueleza upya, kama kwamba hatujapata kusikia.

Mwaka ule wa mkasa wetu, iliingia barua. Wakubwa wa afya wangekuja kutoka Mombasa kukagua maduka ya dawa ya pwani, na litakaloonekana bora lingepewa hati ya sifa ya kutundikwa ukutani. Mfamasia aliisoma, akaikunja, akasema hana haja na karatasi za ukutani. Kesho yake alinunua makopo mawili ya rangi nyeupe. Nami niseme kweli: niliitaka hati ile kuliko yeye. Nilitaka siku moja jambo tulilolifanya kila siku, lile la kuchosha, lionekane na mtu.

Siku ya kuamkia ukaguzi ilikuwa kumi la pili la Ramadhani linakwisha. Alasiri, watu wamejaa, kila mmoja anataka aondoke awahi futari. Mfamasia alikuwa amekwenda hospitali. Kahindi yuko juu ya ngazi anapaka kabati rangi. Mbele yangu akasimama mzee mmoja kutoka Sabaki, Mzee Bakari, kanzu yake ina madoa ya utomvu wa migomba, na karatasi ya dawa ya sukari: asubuhi viwili, jioni kimoja.

"Wafunga, mzee?"

"Tangu nilipobaleghe, mwanangu, sijala mchana wa Ramadhani hata mmoja."

Nikachukua kalamu. Asubuhi, nikaandika daku. Jioni, nikaandika futari. Daku viwili, futari kimoja. Mkono wangu ulibadili majina ya saa tu, dozi ukaziacha palepale.

Kahindi akauliza kutoka juu, "Nishuke nikusomee?"

"Maliza rangi," nikamwambia. "Wageni wa kesho hawataangalia kitabu, wataangalia kabati."

Nikajisomea mwenyewe, vyote viwili, karatasi na chupa. Nikasoma ninachokijua. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikatia ile alama ya msomaji wa pili. Mzee nikamtaka arudie, naye akarudia vizuri sana, bila kupotoa hata neno: viwili daku, kimoja futari. Akaniombea dua akaenda zake.

Asubuhi yake tulifika mapema. Duka linanukia rangi, Kahindi amevaa shati jipya, mimi nimejifunga mtandio niliouweka kwa ajili ya Idi. Mfamasia, kama kawaida yake, kabla ya kufungua mlango wa mbele alikaa na kitabu cha jana. Nilimwona kidole chake kinashuka mstari kwa mstari. Kikasimama.

"Kahindi," akasema, "alama hii ni yako?"

Kahindi akasogea, akaangalia. Akaniangalia mimi. Nilijua kwamba angesema ndiyo. Nilimjua Kahindi, angebeba. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Nilikaa kimya kiasi cha pumzi tatu au nne, nikiwaza hati ya ukutani, nikiwaza kufukuzwa, nikiwaza mume wangu atasema nini.

"Ni yangu," nikasema. "Nilisoma peke yangu."

Akanigeuzia kitabu. Nikasoma kilichoandikwa: daku viwili, futari kimoja.

"Amekula daku saa kumi," akasema Mfamasia, si kwangu, kama anayepiga hesabu. "Sasa ni saa mbili na nusu. Bado tuna muda, lakini si mwingi. Sabaki wapi?"

Kitabu kilisema Sabaki tu. Sabaki ni kijiji na mashamba na ukingo mzima wa mto, na akina Bakari ni wengi. Nikaanza kulia. Kahindi ndiye aliyejibu.

"Mimi najua. Nilimuuliza jana kutoka ngazini. Ana migomba kando ya mto, ukishavuka daraja, na jirani yake ni Mgiriama mwenzangu mwenye mbuzi wengi."

Mfamasia akatia glukosi mfukoni. Akatutoa nje sote, akafunga mlango kwa kufuli, akachukua chaki ya kuandikia maboksi, na kwa herufi kubwa akaandika juu ya mbao: TUMEKOSEA DAWA YA MTU. TUMEKWENDA KUREKEBISHA.

"Bwana!" nikamshika mkono wa shati, jambo ambalo sikupata kulifanya kabla. "Wageni wanakuja saa tatu. Andika tumefunga tu."

"Kwani tumefunga tu?"

Mtaa mzima ulikuwa unapita kwenda sokoni. Muuza haluwa wa ng'ambo ya njia alikuwa amekwisha kusimama anasoma, midomo inacheza. Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwa na wakati hata wa kuaibika vizuri, maana Mfamasia alikuwa amekwisha kumsimamisha dereva wa gari la barafu aliyekuwa akienda kuchukua samaki, na akamwambia jambo la pili lililonishangaza: apite kwanza msikitini.

"Msikitini kufanya nini, na mtu yuko katika hali hiyo?" nikauliza.

"Sukari ninayo," akasema. "Lakini mimi nikimwambia mzee yule afungue saumu yake, atanisikia?"

Akaingia, akatoka na maalim, mtu mnene ambaye hapendi haraka, anakimbia huku amekamata kilemba. Maalim akakaa mbele na dereva. Sisi watatu tukapanda nyuma, juu ya magunia yaliyolowa. Njia nzima Mfamasia hakunitazama. Kahindi alishika ubao wa gari, akisimama kila penye watu akiwauliza kwa Kigiriama, na kila aliyeulizwa alinyoosha mkono mbele, mbele zaidi. Tukavuka daraja. Mimi nilikuwa nikihesabu saa kwa moyo: saa tatu, saa tatu na robo.

Tulimkuta chini ya kipaa cha nyumba yake, ameegemea ukuta. Mkewe alitupokea na uso wa kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Karibuni. Ni saumu tu, imemkamata leo. Nimemwambia alale."

Kanzu ilikuwa imemgandama mwilini kwa jasho, na mikono yake inacheza. Alipotuona akaanza kutugombeza, akidhani sisi ni watu waliomwibia ndizi zamani. Mfamasia akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya pasi, akakoroga glukosi kwenye kikombe, akampelekea mdomoni. Mzee akafumba meno. Akakisukuma kikombe, maji yakamwagikia kifua cha Mfamasia.

"Sijala mchana," akasema, ulimi mzito. "Sijala hata mmoja. Mnanitaka nini?"

"Mzee wangu, kosa ni letu sisi. Tulikuandikia vibaya. Kunywa."

"Sijala hata mmoja!"

Macho yake yalianza kwenda juu. Mkewe sasa alikuwa ameelewa, ameweka mikono kichwani. Mfamasia akageuka, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho nikaisikia sauti yake inaomba.

"Maalim. Sasa."

Maalim akaketi chini pamoja naye, akamkamata uso kwa mikono miwili.

"Bakari, wanijua mimi?"

Akajibu kwa taabu: "Maalim."

"Mgonjwa ana ruhusa. Aliyeiamrisha saumu ndiye aliyeitoa ruhusa. Siku hii utailipa, na kama huwezi iko njia yake, nitakufundisha mimi. Sasa kunywa, baba. Sema bismillahi unywe."

Kahindi alimshika mgongo, Mfamasia alishika kikombe. Alikunywa. Kingi kilimwagika, kiasi kikaingia, kisha kikombe cha pili. Tukakaa. Kuku walikuwa wakipita katikati yetu. Baada ya muda, sijui mrefu kiasi gani, jasho likaanza kumkauka, akatutazama mmoja mmoja, akaniona mimi, akanitambua.

"Ah, mwanangu," akasema. "Umenifuata na huku? Nilivila vyote viwili, kama ulivyoniambia."

Nimeambiwa maneno mengi maishani, na hayo ndiyo yanayonirudia.

Tulimpeleka hospitali kwa gari lile lile, akalazwa, akapona. Tuliporudi dukani wageni wa Mombasa walikuwa wamekwisha kwenda. Muuza haluwa alitueleza walivyofika, wakasoma mlango, wakatazamana, wakapiga picha moja wakaondoka. Hati ilikwenda kwa duka la mji mwingine.

Mfamasia hakuifuta ile chaki. Ilibaki mpaka Idi, kila asubuhi tukifungua mlango tunaukunjia ndani na kila jioni tukiufunga maandishi yanatokea tena. Wako wateja walioacha kuja. Wengine wakaanza kuja na chupa walizopewa kwingine, wakasema, "Tusomeeni na hii." Nilingoja nifukuzwe. Badala yake, siku ya pili aliniwekea kitabu mbele yangu kabla hatujafungua.

"Tangu leo kitabu cha jana utakisoma wewe," akasema.

Nilikisoma kila asubuhi miaka yote iliyobaki, na sikujua kama ile ilikuwa adhabu au amana. Kumuuliza nisingethubutu.

Mwisho wa miaka ile alistaafu, duka likauzwa. Kahindi alirudi Ganze kulima, na nasikia vijiko vya kukwaruzwa viliendelea kwake, maana akina mama waliendelea kumpelekea. Mimi nikamfuata mume wangu Kilifi, nikapata kazi kwenye duka dogo la dawa, njia ya kwenda Bofa. Mwenye duka yuko Mombasa, huku niko peke yangu.

Siku moja asubuhi kivuli kirefu kikasimama mlangoni. Miwani ileile, uzi uleule, lakini nyuma yake macho yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuja kwa kupapasa ukuta. Alikuwa akiishi kwa bintiye Mnarani, ng'ambo ya pili ya maji, na alivuka kwa feri peke yake.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba." Na mkono ukanyooka, na karatasi ndani yake.

Ilikuwa dawa ya sukari. Ile haluwa ya kwenye droo ilikuwa imemfikisha pale. Nilichukua chupa, nikaandika kibandiko.

"Uko peke yako humu," akasema. Alikuwa anasikiliza. "Nani anayekusomea?"

"Fundi cherehani wa mlango wa pili. Nimemfundisha mwenyewe, mwaka mzima."

Hakusema vizuri wala vibaya. Nikajipa moyo nikauliza lile lililokuwa likinikereketa tangu alipoingia.

"Bwana, Mnarani kuna duka la dawa karibu na feri. Kwa nini usumbuke hivi na macho haya?"

"Nilikwenda. Niliwauliza kama wamepata kukosea dawa ya mtu. Wakaniambia hawajakosea hata siku moja." Akapapasa ukingo wa kaunta mpaka akaufikia mkono wangu, akaupiga kidogo kwa vidole. "Nikachukua karatasi yangu nikapanda feri."

Nilitoka mlangoni nikamwita fundi, akaja na futi ya kupimia shingoni. Nikasoma karatasi kwa sauti, naye akasoma chupa kwa sauti, na Mfamasia akiwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa ameinamisha kichwa akisikiliza. Tulipomaliza akarudia yote, neno kwa neno, bila kuambiwa.